Je, unaisukuma wiki au ni wiki inayokusukuma?

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI mpenzi, ikiwa unausoma ukurasa huu Jumapili alasiri, baada ya ibada na chakula cha mchana, huenda tayari kuna jambo linalokukereketa kifuani wala hulijui jina. Watoto wanacheza nje, redio inaimba, mwenzio anasinzia kwenye kochi, lakini moyo wako hautulii. Sare za shule hazijafuliwa. Nauli ya kesho hujui itatoka wapi. Mwalimu wa darasa alituma ujumbe kuhusu mkutano wa wazazi, lakini ni wa Jumanne au Jumatano? Isitoshe, zamu yako ya kuwakaribisha wanachama wa chama nyumbani imekaribia, nawe hata sukari hujanunua.

Jua likitua hali huwa mbaya zaidi. Unaingia kitandani mapema ili uamke mapema, lakini usingizi hauji. Unaanza kuhesabu mambo ya kesho gizani, na kila ukifika la tano unalisahau la pili. Alfajiri kengele ya simu inalia ukiwa umechoka kuliko ulivyolala.

Ukiona hivyo usidhani u mgonjwa peke yako. Huo ndio msongo wa mawazo wa kawaida, unaowakumba wengi wetu mijini, wafanyakazi kwa wanafunzi. Hapa kwetu tuna mboga tuliyoipa jina la sukuma wiki, kwa kuwa bei yake nafuu humsaidia mwenye mshahara mdogo kuzisukuma siku mpaka mwisho wa juma. Swali ninalotaka tujiulize leo ni hili: je, wewe unaisukuma wiki, au ni wiki inayokusukuma?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kusukumwa, na aliyeanguka hakuwa mimi.

NILICHOSAHAU JUMATANO

Mama yangu anaishi Pap Onditi, katika nyanda za Nyakach, kaunti ya Kisumu. Kwa asiyepajua, ukitoka mjini Kisumu unapitia Ahero, unafika Katito, kisha unashika barabara inayoelekea Kendu Bay. Neno “pap” kwa Kijaluo ni uwanda, na kweli pale ardhi ni tambarare, huku milima ya Nyabondo ikikutazama kutoka juu. Mwaka 2019 nilikuwa nikifanya kazi Kisumu, safari ya matatu isiyochukua hata nusu siku. Nilijiona niko karibu na nyumbani.

Jumanne moja Mama alinipigia simu. Alisema dawa zake za presha zimebaki za siku mbili, na kwamba mara hii zahanati imeishiwa, hivyo itabidi azinunue dukani. Nilimjibu, “Sawa Mama, kesho nitatuma.” Hakusema zaidi. Sikuandika popote. Kwani kulikuwa na haja gani ya kuandika? Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kutuma pesa nyumbani ni kazi ya dakika moja. Na jambo la dakika moja, ndugu msomaji, ndilo rahisi zaidi kulisahau.

Jumatano mhariri alitaka makala kabla ya saa nane. Alhamisi mtoto alirudishwa nyumbani kwa ajili ya salio la karo. Ijumaa kulikuwa na mchango wa mazishi ya jamaa wa mwenzetu kazini, nami nilikuwa mweka hazina. Jumamosi nikaenda mazishini. Mara mbili, kama si tatu, nilikumbuka dawa nikiwa ndani ya matatu iliyojaa, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umeshika mfuko. Nikajiambia nikishuka nitatuma. Nikishuka nilikuta jambo jingine linaningoja.

Jumapili asubuhi simu ililia. Alikuwa jirani. Mama ameamka mdomo umekwenda upande, na mkono wa kulia hauwezi kushika kikombe.

Alikuwa amepatwa na kiharusi. Tunamshukuru Mungu yu hai, anatembea kwa mkwaju, na maneno yake yamerudi. Lakini mkono ule wa kulia hadi leo hauna nguvu. Kitambaa cha kichwani hufungwa na mjukuu. Daktari hakuniambia kwamba siku zile chache pekee ndizo zilizoleta maradhi, maana presha ina mizizi mingi. Alichosema ni kwamba dawa za presha hazikatizwi ghafla, na kwamba yeye hukutana mara kwa mara na wagonjwa walioziacha “kidogo tu”. Nilipomuuliza Mama kwa nini hakunipigia tena, alinijibu kwamba aliogopa kunisumbua, kwa kuwa alijua nina mambo mengi.

Pesa zenyewe zilikuwa ndani ya simu yangu wiki nzima. Sikukosa fedha wala mapenzi kwa mzazi wangu. Nilichokosa ni wiki yenye mpango. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyemwaga anaweza kumwonya mwenzake mahali penye utelezi.

KICHWA SI KABATI

Wengi wetu tunajisifu kwamba “nitakumbuka tu”. Ukweli ni kwamba kichwa cha binadamu ni hodari wa kufikiri, lakini ni kabati bovu la kuhifadhia mambo. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma mjini Berlin, alichapisha utafiti kuhusu kazi zinazokatizwa njiani. Aliona kwamba watu aliowajaribu walizikumbuka kazi walizokatizwa kuliko zile walizozimaliza. Si wote waliorudia jaribio lake waliopata jibu lile lile, lakini yeyote aliyewahi kulala na deni anajua maana yake: jambo lisilokwisha hugonga mlango usiku.

Uzuri ni kwamba si lazima ulimalize jambo ndipo linyamaze. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walionyesha kwamba watu waliopewa nafasi ya kupanga lini na vipi watalifanya jambo lililobaki, walisumbuliwa nalo kidogo kuliko wale ambao hawakupanga, ingawa lenyewe lilikuwa bado halijafanywa. Yaani akili yako ni kama mtoto anayekuvuta nguo sokoni. Humpi kitu anachotaka papo hapo, lakini ukimwambia kwa uhakika, “Tutanunua tukifika duka lile,” anakuachilia.

Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa chuo kikuu cha Baylor, Marekani, waliwalaza vijana 57 katika maabara ya usingizi. Kabla ya kulala, nusu yao waliandika kwa dakika tano mambo wanayopaswa kufanya siku zinazofuata. Nusu nyingine waliandika yale waliyokwisha kuyafanya. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema zaidi kwa kiasi cha dakika tisa, na kadiri orodha ilivyokuwa ndefu na ya wazi, ndivyo walivyolala upesi. Utafiti ulikuwa mdogo, na dakika tisa si nyingi, lakini kalamu na karatasi ni dawa rahisi kuliko zote.

WIKI YA MAMA WA OMENA

Baada ya Mama kutoka hospitalini nilianza kwenda Pap Onditi kila mwisho wa juma. Hapo ndipo nilipomjua vizuri yule jirani aliyenipigia simu. Ni mama wa makamo anayeuza omena. Shule aliiacha darasa la nne. Lakini ukiniuliza leo ni nani aliyenifundisha kupanga wiki, nitakuonyesha nyumba yake ya mabati na si chuo chochote.

Ukutani kwake kuna kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, ya zile zinazogawiwa bure Desemba. Chini yake kuna daftari la watoto la mistari lililoning'inizwa kwa uzi. Katika kalenda kuna alama za rangi mbili za kalamu. Nilidhani ni za madeni. Kumbe alama za kwanza anazotia kila mwezi ni za mwezi wenyewe, ule wa mbinguni.

Sababu yake ni hii. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Taa ikiwekwa juu ya maji wakati wa giza, wadudu na samaki huivamia, wavuvi wakawazungushia nyavu. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa haina mvuto, na samaki hawapatikani kwa wingi. Kwa hiyo muuzaji anayeijua kazi yake anafahamu mapema kwamba wiki ya giza ina shehena na bei nafuu, na wiki ya mwezi mpevu omena ni haba na ghali. Katika wiki ya giza yeye hununua nyingi fuoni, huzianika na kuweka akiba. Katika wiki ya mwezi mpevu hupanga mambo mengine: kliniki ya mjukuu, kupiga nyumba lipu, kuwatembelea jamaa. Vilevile anaijua miezi ambayo serikali hufunga uvuvi wa omena ili wazaane, na kabla ya kufika huwa amekwisha kuamua atauza nini badala yake.

Baada ya mwezi huja siku ya soko. Kisha siku ya chama. Kisha mvua, maana masika yakipiga, mito ikafurika katika nyanda za Nyakach na Kano, omena hazikauki na barabara za ndani hazipitiki. Jumapili jioni, akishafungia kuku, huketi na mjukuu wake. Mjukuu husoma na bibi husema. Huandika mistari isiyozidi kumi, na wiki nzima imekwisha kukaa ndani ya daftari.

Nilipomuuliza kama hachoki na mambo yote hayo, alicheka. “Mwanangu,” aliniambia, “anayechoka ni yule anayekimbia nyuma ya gari. Mimi hulingoja stendi.”

Wala usidhani mama huyu ana maisha mepesi kuliko yangu au yako. Ana wajukuu watatu, hana mshahara, na wateja wake wengi ni wa mkopo. Kupanga hakujamletea utajiri. Kulichompa ni kwamba shida zinapokuja, na huja, hazimkuti akiwa hana habari.

IJUMAA YA MATAYARISHO

Mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo kuna Kendu Bay, na karibu yake Gendia, ambako Waadventista Wasabato walianzisha misheni mwaka 1906. Tangu hapo familia nyingi za ukanda huu huitunza Jumamosi kama siku ya mapumziko, na mapumziko yenyewe huanza Ijumaa jua linapotua. Si nia yangu leo kuhubiri dini yoyote. Nataka uitazame Ijumaa yao.

Ijumaa huitwa siku ya matayarisho. Maji huchotwa, kuni hupasuliwa, nguo hupigwa pasi, viatu hupakwa rangi, na chakula cha kesho hupikwa, yote kabla ya magharibi. Mtoto wa miaka sita anajua kazi yake na yule wa kumi na sita anajua yake. Hakuna anayeulizwa saa mbili usiku soksi ziko wapi. Familia ya mjini, iwe ya Kikristo, ya Kiislamu au isiyo na dini, inaweza kujifunza jambo moja hapa: pumziko la kweli haliji lenyewe. Hutayarishwa. Ukiona Jumapili yako imeliwa na wasiwasi, kosa si la Jumapili bali ni la Ijumaa na Jumamosi zilizopita bila mpango.

Hata lugha zetu zinatukumbusha. Kwa Kijaluo Jumatatu ni Wuok Tich, yaani kutoka kwenda kazini, na siku nne zinazofuata ni Tich Ariyo, Tich Adek, Tich Ang'wen na Tich Abich, yaani kazi ya pili hadi kazi ya tano. Kazi zikahesabiwa tano, zikaisha. Kwa Kiswahili nako, Jumamosi ndiyo siku ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Wiki ya Mswahili huanza baada ya Ijumaa, siku ya kusanyiko. Basi kwa hesabu hiyo, unapokaa Jumapili kupanga, wiki tayari imekwisha kuanza na haikusubiri.

NUSU SAA INAYOTOSHA

Baada ya kujifunza kwa jirani, nami nimekuwa nikitenga nusu saa kila Jumapili, saa kumi na moja jioni kabla ya kupika. Hapa nakupa hatua ninazofuata. Chukua zinazokufaa, zilizobaki mwachie mwenzako.

Kwanza, toa yote kichwani. Chukua karatasi uandike kila kinachokusumbua bila kuchagua: karo, kinyozi, deni la duka, simu ya shangazi, bomba linalovuja. Usiogope urefu wa orodha. Mambo hayo yalikuwa humo humo, tofauti ni kwamba sasa unayaona. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku nazo ni mali.

Pili, tia alama yale yasiyosogea. Haya ni mambo yenye siku na saa yake: kliniki, mtihani, mkutano wa wazazi, tarehe ya kodi, dawa za mzazi. Haya huingia kwenye kalenda kabla ya jambo jingine lolote, kama mawe makubwa yanavyotangulia mtungini kabla ya mchanga. Tazama pia tangazo la kampuni ya umeme la maeneo yatakayokatiwa stima. Kama mtaa wenu ni Jumanne, pasi ipigwe Jumatatu.

Tatu, chagua mambo matatu makubwa ya wiki. Matatu tu. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika kumi na mbili? Jiulize: ikifika Ijumaa na matatu haya yamefanyika, je, nitaridhika hata kama mengine yamebaki? Yaliyobaki yaandike chini ya mstari, yafanyike ukipata nafasi.

Nne, kila jambo lipe siku, saa na mahali. Usiandike “kutuma pesa za dawa”. Andika “Jumatano, nikishapata chai ya saa nne, kabla sijainuka mezani, natuma pesa za dawa”. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameeleza kwa miaka mingi kwamba azimio lililofungwa kwenye saa na mahali hutimizwa zaidi kuliko lile linaloachwa kuelea. Laiti ningalilijua hilo mwaka 2019.

Tano, panga jikoni na mfuko kwa pamoja. Andika chakula cha jioni cha siku saba, hata kama ni sukuma wiki mara nne, omena mara mbili na nyama mara moja. Maharagwe yachemshwe Jumapili sufuria nzima, yagawanywe mara tatu. Nauli ya wiki nzima iwekwe kando Jumapili, kabla noti hazijaanza kupotea moja moja. Swali la “leo tutakula nini?” likiulizwa kila jioni na mtu aliyechoka, huzaa ugomvi au chipsi, na vyote viwili ni ghali.

Sita, gawa kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kina baba, ninyi ndio ninaowalenga hapa. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayebeba kalenda ya watu wote kichwani: nani ana homa, nani hana daftari, mjakazi analipwa lini. Mzigo huo hauonekani kwa macho lakini una uzito. Orodha ikibandikwa ukutani, kila mtu aandikwe jina mbele ya kazi yake, akiwemo mwenye nyumba.

Saba, chungulia Jumatano. Dakika tano zinatosha. Yaliyofanyika yapigie mstari, yasiyofanyika yahamishe au yafute. Mpango usiochunguliwa ni kama chungu kilichoachwa mekoni bila mtu.

KWAKO MWANAFUNZI

Wewe uliye chuoni au shule ya upili huenda unasema haya ni ya wenye familia. La hasha! Wewe ndiye unayedanganywa zaidi na wakati.

Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wanafunzi 37 waliokuwa wakiandika tasnifu za mwisho wa masomo. Waliwauliza watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema 34 hivi. Kisha wakaulizwa, je, mambo yote yakienda mrama? Wakasema 49 hivi. Walimaliza kwa siku 55 na zaidi. Yaani hata walipojitahidi kutabiri mabaya, bado walijipendelea!

Fundisho lake ni rahisi. Usikadirie kwa matumaini, kadiria kwa historia yako. Insha iliyopita ilikuchukua siku ngapi kwa kweli? Hii nayo itachukua hizo hizo. Vipande vidogo vya kila siku ni bora kuliko mkesha mmoja mkubwa. Na usipange saa kumi za kusoma Jumamosi ilhali unajua Jumamosi una nguo za kufua, nywele za kusuka na mechi ya kutazama. Panga saa tatu, uzifanye. Mwanafunzi anayetimiza saa tatu ana raha kuliko anayeshindwa saa kumi.

ACHA NAFASI YA MGENI

Kosa kubwa la wanaoanza kupanga ni kuijaza wiki mpaka pomoni. Kwetu huku mpango wa namna hiyo hauishi siku mbili. Mgeni hubisha hodi bila taarifa. Matatu huharibikia Ahero. Na mauti hayana kalenda: kwetu mazishi mengi hufanywa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo mtu mwenye ukoo mpana anajua kwamba mwisho wa juma si wake peke yake. Basi usililie jambo unalolijua. Acha jioni mbili kwa wiki bila kitu, na akiba kidogo mfukoni yenye jina la dharura. Dharura isipokuja, umepata mapumziko.

Fauka ya hayo, mpango ni mtumishi, si bwana. Ukivunjika Jumanne, usiutupe wote. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumatano keti uupange upya.

Nami sitakudanganya kwamba karatasi hutibu kila kitu. Mshahara usiotosha hautatosha kwa sababu umeandikwa vizuri, ingawa utajua mapema pengo ni kubwa kiasi gani na utamwendea nani. Na kama usingizi umekukimbia kwa majuma mengi, chakula hakiliki, au unajiona maisha hayana maana tena, hilo si jambo la kalenda. Mwone daktari au mshauri nasaha, na umwambie mtu unayemwamini leo hii, si kesho.

“UMEANDIKA?”

Siku hizi dawa za Mama zimeandikwa mara mbili: katika daftari langu, na katika kalenda ya jirani, kwa kalamu nyekundu. Tulikubaliana kwamba zikibaki za siku kumi, tunaanza kuzitafuta. Siku kumi, si mbili. Hazijapata kukatika tena.

Mama naye ana mchango wake. Kila Jumapili jioni hunipigia simu. Hunisalimu, huuliza habari za watoto, hulalamikia kuku waliokula mtama. Kisha kabla ya kukata huniuliza neno moja tu: “Umeandika?” Nami humsomea wiki yangu, mstari kwa mstari, naye husikiliza kana kwamba ni barua.

Basi, msomaji mpenzi, kabla jua la leo halijatua, tafuta kalamu. Kuna mtu mmoja anayengoja jambo la dakika moja kutoka kwako, na huenda hatakupigia simu mara ya pili kwa sababu anajua una mambo mengi. Mwandike yeye kwanza.